Faini ya Asiyepiga Kura: Historia ya Upigaji Kura wa Lazima

Upigaji kura wa lazima ni utaratibu wa kisheria unaomtaka kila raia aliyemo katika daftari la wapiga kura afike kituoni siku ya uchaguzi na kupokea karatasi yake ya kura, na unaoweka adhabu, mara nyingi faini ndogo, kwa yule anayekaa nyumbani bila sababu inayokubalika. Utaratibu huo una umri mkubwa kuliko inavyodhaniwa na umejaribiwa katika nchi zenye mila tofauti za kisiasa, na kila ulipoingizwa umeamsha swali lile lile: je, kura ni haki ambayo mwenyewe anaweza kuiacha apendapo, au ni wajibu ambao raia anadaiwa na wenzake, kama anavyodaiwa kodi au ushahidi mahakamani? Historia inayosimuliwa hapa inalifuata swali hilo katika nchi mbili zilizotangulia kulijibu kwa sheria ya kudumu, yaani Ubelgiji na Australia, kisha katika nchi zilizoiacha sheria hiyo au kuirudia, na mwishoni katika Afrika Mashariki, ambako kukataa kupiga kura kumewahi kuwa silaha ya kisiasa. Historia hiyo inaonyesha jambo ambalo mabishano ya siku hizi hulisahau, nalo ni kwamba faini imekuwa ya haki pale tu serikali ilipokubali kwanza kubeba mzigo wake yenyewe.

Chimbuko la wazo

Katika mji wa Athens wa karne ya 5 kabla ya Kristo, raia walikusanyika kwenye kilima cha Pnyx kujadili na kuamua mambo ya mji wao, na kuhudhuria kwao kulihesabiwa kuwa sehemu ya uraia wenyewe. Tamthilia ya Aristophanes iitwayo Acharnians, iliyoigizwa mwaka 425 kabla ya Kristo, inataja kamba iliyopakwa rangi nyekundu ambayo ilitumiwa kuwaswaga watu kutoka sokoni kwenda mkutanoni, huku mtu akihangaika kuikwepa ili rangi isimshike. Mwanzoni mwa karne iliyofuata, mji huo huo ulianza kuwalipa waliohudhuria, kwa sababu maskini aliyeacha kazi yake kwa siku nzima alipoteza chakula cha siku hiyo, hasara ambayo tajiri hakuijua. Hivyo njia mbili za kumfikisha raia penye uamuzi, yaani kumsukuma na kumwondolea kizuizi, zilijulikana tangu kale, ingawa ni lazima kukumbuka kwamba wanawake, watumwa na wageni wakazi hawakuwa na nafasi yoyote katika mkutano huo.

Wazo la adhabu lilijitokeza tena Amerika wakati makoloni ya Uingereza yalipokuwa yakipigania uhuru. Katiba ya Georgia ya mwaka 1777 ilitamka kwamba mtu atakayeacha kupiga kura katika uchaguzi atatozwa faini isiyozidi pauni 5, isipokuwa awe na udhuru wa maana. Kifungu hicho kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwani tayari kinabeba nguzo mbili ambazo sheria nyingi za baadaye zimejengwa juu yake, yaani adhabu yenye kikomo na nafasi ya kujieleza. Hata hivyo, katika sehemu kubwa ya karne ya 19 kura ilikuwa bado, katika nchi nyingi, mali ya wachache wenye ardhi na kodi, na madaraka yaliyofungiwa ndani ya tabaka dogo hayakuhitaji sheria ya kuwavuta watu kuyatumia. Swali la lazima liliiva pale wengi walipoanza kudai kura.

Ubelgiji: mgomo, kura za ziada na faini

Ubelgiji ilijitawala kuanzia mwaka 1830, na kwa zaidi ya miaka 60 haki ya kuchagua bunge ilishikwa na wanaume waliolipa kiwango fulani cha kodi, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa kama 137,000 tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 6. Wachimba makaa ya mawe, wafua chuma na wafumaji wa viwanda vya nguo waliijenga nchi iliyokuwa mbele sana kiviwanda barani Ulaya, lakini hawakuwa na sauti katika kutunga sheria zilizowahusu. Mwezi Aprili 1893, baada ya bunge kuyakataa mapendekezo ya kupanua haki ya kura, Chama cha Wafanyakazi cha Ubelgiji kiliitisha mgomo mkuu, viwanda na migodi vikasimama, na wafanyakazi kadhaa wakauawa kwa risasi katika makabiliano na vyombo vya dola. Bunge lilikubali suluhu ndani ya siku chache.

Suluhu hiyo, iliyotokana na pendekezo la mbunge Mkatoliki Albert Nyssens, ilimpa kila mwanamume mwenye umri wa miaka 25 kura moja, lakini ikawaongezea kura ya pili au hata ya tatu wale waliokuwa na mali, elimu ya juu, au familia iliyokuwa ikilipa kodi ya kutosha. Idadi ya wapiga kura ilipanda mara kumi na kuzidi milioni 1.3. Pamoja na upanuzi huo, katiba iliyorekebishwa ilitamka kwamba kupiga kura ni lazima, na Ubelgiji ikawa nchi ya kwanza katika zama hizi kuweka lazima hiyo kwa uchaguzi wa bunge la taifa zima na kuidumisha.

Sababu za kuweka lazima hiyo zilitoka pande mbili zisizofanana. Wahafidhina, wakiongozwa na Waziri Mkuu Auguste Beernaert, waliogopa kwamba wajamaa wangewaleta wafuasi wao wote kituoni kwa nidhamu ya chama, huku watu wa msimamo wa kati wakikaa majumbani mwao, na hivyo bunge likachukuliwa na wenye ari kubwa hata kama si wengi. Upande wa pili ulikuwepo wasiwasi kwamba mwajiri au mwenye shamba angeweza kumzuia mfanyakazi asiende kupiga kura, jambo ambalo lingekuwa gumu zaidi kwake iwapo kwenda kituoni kungekuwa amri ya sheria. Hofu ya wenye nguvu na hifadhi ya wanyonge zilikutana katika kifungu kimoja, na mkutano huo wa nia tofauti utaonekana tena Australia.

Adhabu zilipangwa kwa ngazi. Aliyekosa mara ya kwanza alionywa au kutozwa faini ndogo, aliyerudia aliongezewa faini, aliyeendelea jina lake lilibandikwa hadharani, na aliyekosa mara nne katika muda wa miaka 15 alifutwa katika daftari kwa miaka 10 na kunyimwa uteuzi wowote wa serikali. Katika uchaguzi wa Oktoba 1894 zaidi ya wapiga kura 9 katika kila 10 walifika vituoni, chama cha Wakatoliki kikapata wingi mkubwa wa viti, na wajamaa, ambao hawakuwa na mbunge hata mmoja, wakaingia bungeni na viti 28. Kura za ziada ziliondolewa mwaka 1919, lakini wanawake walisubiri hadi mwaka 1948 kupewa haki kamili ya kuchagua bunge, na hivyo kwa zaidi ya nusu karne wajibu wa taifa zima ulitangazwa katika nchi ambayo nusu ya watu wake hawakuruhusiwa kuutimiza.

Pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi ng'ambo ya bahari. Mwaka 1894, Mbelgiji alipokuwa akitozwa faini kwa kutochagua wawakilishi wake, Mfalme Leopold II alikuwa akiitawala Kongo kama milki yake binafsi, chini ya utaratibu wa kulazimisha wanakijiji kuleta mpira na pembe za ndovu, na hata baada ya serikali ya Ubelgiji kuichukua nchi hiyo mwaka 1908, wenyeji hawakupewa kura yoyote. Uchaguzi wa kwanza uliowahusisha Wakongo ulifanyika mwezi Desemba 1957, nao ulikuwa wa mabaraza ya miji mitatu tu, yaani Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo inaitwa Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Joseph Kasa-Vubu aliupata umeya wa Dendale, mojawapo ya wilaya za Léopoldville, kupitia uchaguzi huo, na miaka miwili na nusu baadaye akawa rais wa kwanza wa Kongo huru. Katika miji ya Katanga, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya mitaa na migodi, lazima iliyojulikana kwa vizazi vitatu ilikuwa ya kazi na kodi, wakati lazima ya kura ilibaki kuwa heshima ya raia wa Ulaya.

Australia: kutoka Queensland hadi sheria ya 1924

Makoloni sita ya Australia yaliungana kuwa shirikisho tarehe 1 Januari 1901, yakiwa tayari na sifa ya ubunifu katika mambo ya uchaguzi. Victoria na South Australia zilikuwa zimeanzisha kura ya siri mwaka 1856, ambapo serikali ilichapa karatasi zenye majina ya wagombea wote na mpiga kura akaijaza yake faraghani, na utaratibu huo ulienea duniani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1902 iliwapa wanawake kura, lakini sheria hiyo hiyo iliwaondoa wenyeji asilia wa Australia, pamoja na watu wenye asili ya Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki, isipokuwa waliokuwa tayari na haki hiyo katika majimbo yao.

Mahudhurio ya chaguzi za mwanzo hayakuridhisha, kwani mwaka 1903 ni karibu nusu tu ya walioandikishwa waliopiga kura. Hatua ya kwanza ya lazima haikugusa kura yenyewe bali uandikishaji, pale bunge lilipoamua mwaka 1911, wakati wa serikali ya Labor, yaani chama cha wafanyakazi, kwamba kila mwenye sifa lazima ajiandikishe, na daftari likawa kamili kuliko wakati wowote uliotangulia. Mwaka huo huo ilipitishwa kanuni kwamba uchaguzi wa shirikisho ufanyike siku ya Jumamosi, ambayo wafanyakazi wengi walikuwa na nafasi. Mpangilio huo wa hatua una maana kubwa, kwa kuwa daftari na siku ya uchaguzi vilitengenezwa zaidi ya miaka 10 kabla ya mtu yeyote kutozwa faini ya kutopiga kura ya shirikisho.

Jimbo la Queensland lilitangulia. Serikali ya kihafidhina ya Digby Denham, ikiamini kwamba vyama vya wafanyakazi vilikuwa na uwezo mkubwa wa kuwakusanya wapiga kura wa Labor, ilipitisha sheria ya kura ya lazima mwaka 1914 kwa matumaini kwamba waliokuwa wakikaa nyumbani walikuwa wake. Uchaguzi wa mwaka 1915 ulileta mahudhurio ya asilimia 88, lakini matokeo yalikwenda kinyume na hesabu za mtunga sheria, kwa sababu Labor ya T. J. Ryan ilishinda na Denham mwenyewe akapoteza kiti chake. Funzo lililopatikana ni kwamba sheria inayowaleta watu wote kituoni haina rafiki wa kudumu, na kwamba chama kinachoitunga kwa faida yake kinaweza kuwa cha kwanza kuumia.

Katika ngazi ya shirikisho suala hilo lilisogea polepole. Vita vya Kwanza vya Dunia viliigawa nchi kwa kura mbili za maoni, za mwaka 1916 na 1917, kuhusu kuwaandikisha vijana jeshini kwa nguvu na kuwapeleka ng'ambo, na wapiga kura, ambao walishiriki kwa hiari, walikataa mara zote mbili. Baada ya vita hamasa ilipungua, na uchaguzi wa mwaka 1922 uliwaleta vituoni watu wasiofikia asilimia 60 ya walioandikishwa. Seneta Herbert Payne, aliyetoka Tasmania, ambako hata nusu haikufikiwa, aliwasilisha mwezi Julai 1924 muswada binafsi, yaani muswada unaoletwa na mbunge badala ya serikali, wa kufanya kupiga kura kuwa lazima, na Edward Mann akauongoza katika Baraza la Wawakilishi. Muswada huo ulipita katika mabaraza yote mawili kwa mjadala mfupi usiohitaji hata kuhesabiwa kwa kura za wabunge, na mwisho wa mwezi huo ukawa sheria.

Wepesi huo una maelezo yake. Vyama vyote vilikuwa vikigharimika sana kuwatafuta wafuasi nyumba kwa nyumba na kuwasafirisha hadi vituoni, na sheria iliwaondolea gharama hiyo yote kwa mkupuo. Zaidi ya hayo, serikali haikutaka kubeba lawama ya kuanzisha jambo ambalo lingeweza kuwachukiza wananchi, na ndiyo maana iliridhia litoke mikononi mwa mbunge mmoja. Adhabu iliwekwa kuwa faini isiyozidi pauni 2. Katika uchaguzi wa Novemba 1925 mahudhurio yaliruka na kuzidi asilimia 91, na kwa karibu miaka 100 baadaye hayakushuka chini ya asilimia 90 katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi hadi mwaka 2022, yalipofikia asilimia 89.8. Majimbo mengine yaliiga moja baada ya jingine, Victoria mwaka 1926, New South Wales na Tasmania mwaka 1928, Western Australia mwaka 1936, na South Australia mwaka 1942.

Mahakama na mipaka ya udhuru

Sheria ilisema kwamba asiyepiga kura ataepuka faini akiwa na sababu halali na ya kutosha, na haikupita muda kabla ya maneno hayo kupimwa. Ernest Judd, mjamaa aliyekataa kupiga kura ya Seneti mwaka 1925, alieleza kwamba wagombea wote waliunga mkono ubepari na hivyo hapakuwa na yeyote ambaye dhamiri yake ingemruhusu kumchagua. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, iliamua kwamba kutowapenda wagombea si udhuru, kwani sababu inayokubalika ni ile inayomzuia mtu kufika, kama ugonjwa, ajali au wajibu wa kuokoa maisha, wala si maoni yake juu ya waliosimama. Jaji Higgins peke yake alipinga, na mwaka 1971 mahakama hiyo hiyo ilishikilia msimamo wake katika shauri la Faderson, aliyedai kwamba hakuwa na upendeleo kwa mgombea yeyote.

Hukumu hizo zinaonekana ngumu, lakini uzito wake ulipunguzwa na mambo mawili. La kwanza ni kura ya siri, kwa kuwa serikali inaweza kujua kama mtu amefika na kupokea karatasi, lakini haiwezi kujua alichokiandika, na asiyemtaka mgombea yeyote anaweza kuitumbukiza karatasi tupu sandukuni bila kuadhibiwa na yeyote. La pili ni dini, ambapo sheria yenyewe inakubali kwamba anayeamini kuwa imani yake inamtaka asipige kura ana sababu halali ya kutopiga. Kinacholazimishwa kivitendo ni kufika, na faini ya leo ya dola 20 za Australia hutumwa kwa barua baada ya mhusika kupewa nafasi ya kueleza kilichomzuia.

Aibu kubwa ya historia hiyo haiko katika faini bali katika orodha ya waliosahauliwa. Wenyeji asilia wengi hawakuwa na kura ya shirikisho hadi mwaka 1962, na Queensland, jimbo lililokuwa la kwanza kulazimisha kura, ndilo lililokuwa la mwisho kuwapa wenyeji hao haki ya uchaguzi wa jimbo, mwaka 1965. Hata baada ya hapo kujiandikisha kwao kulibaki kuwa hiari, na ni katika uchaguzi wa mwaka 1984 tu ambapo walihesabiwa sawa na raia wengine katika haki na katika wajibu. Kwa miaka 60 taifa lilitangaza kwamba kura ni deni la kila mtu, huku likiwakatalia watu waliokuwa wamiliki wa kwanza wa nchi hiyo hata nafasi ya kudaiwa.

Pamoja na doa hilo, sheria ya 1924 ilileta athari ambayo waliopendekeza hawakuitaja sana. Kwa kuwa kutofika ni kosa, tume ya uchaguzi ililazimika kuhakikisha kwamba hakuna anayeweza kudai kwa haki kwamba alizuiwa, na hivyo upigaji kura kwa posta, upigaji wa mapema, na timu zinazosafiri hadi hospitali, nyumba za wazee na vijiji vya mbali vya jangwani vikawa sehemu ya kawaida ya uchaguzi. Mtafiti Anthony Fowler, katika uchunguzi wake uliochapishwa mwaka 2013, alionyesha kwamba kura ya lazima iliongeza kura za Labor na matumizi ya serikali kwa pensheni, kwa sababu waliovutwa kituoni walikuwa hasa watu wa kipato cha chini, ambao mahitaji yao hayakuwa yakisikika hapo kabla.

Nchi zilizoacha na nchi zilizorudia

Uholanzi iliweka lazima ya kufika kituoni mwaka 1917, pamoja na haki ya kura kwa wanaume wote, na ikaiondoa mwaka 1970. Mahudhurio ya uchaguzi wa bunge yalikuwa karibu asilimia 95 mwaka 1967, lakini yalishuka hadi asilimia 79 mwaka 1971, na waliopotea vituoni walikuwa zaidi wenye elimu ndogo. Jimbo la Flanders nchini Ubelgiji liliondoa lazima katika chaguzi za mitaa, na katika uchaguzi wa Oktoba 2024, wa kwanza bila lazima, mahudhurio yalianguka hadi kiasi cha asilimia 63, ingawa mashtaka dhidi ya wasiopiga kura yalikuwa yameshakoma kufuatiliwa kwa miaka mingi. Inaonekana kwamba ilichofanya sheria ni kumkumbusha raia kwamba wenzake wanamtarajia, na kumbukumbu hiyo ilifanya kazi hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akitozwa.

Chile ilipitia njia ndefu zaidi. Aliyekwisha kujiandikisha alilazimika kupiga kura, lakini kujiandikisha kwenyewe kulikuwa hiari, na vijana wengi walibaki nje ya daftari. Mwaka 2012 utaratibu uligeuzwa, kila mtu akaandikishwa moja kwa moja na kupiga kura kukawa hiari, ndipo mahudhurio yakashuka chini ya nusu katika chaguzi kadhaa zilizofuata. Wananchi walipoulizwa mwezi Septemba 2022 kuhusu rasimu ya katiba mpya, kura ilifanywa tena kuwa lazima, watu wapatao milioni 13 wakafika vituoni, na asilimia 62 wakaikataa rasimu hiyo. Matokeo hayo yalionyesha kwamba waliokuwa wakikaa nyumbani walikuwa na maoni mazito, na mwanzoni mwa mwaka 2023 Chile iliirudisha lazima kwa chaguzi zake.

Si kila adhabu imekuwa nyepesi. Italia ilikuwa ikiandika katika cheti cha mwenendo mwema kwamba mhusika hakupiga kura, desturi iliyoondolewa mwaka 1993. Brazil humnyima pasipoti asiyethibitisha kwamba alipiga kura au kueleza kwa nini hakupiga, na Bolivia huzuia huduma za benki kwa siku 90 kwa asiye na cheti cha kura. Adhabu za namna hiyo hazilingani kwa watu wote, kwa sababu anayehitaji mshahara wake benki mwisho wa mwezi anaumia kuliko mwenye akiba, na hapo sheria iliyokusudiwa kuwasawazisha raia inageuka kuwa mzigo wa wasio na kitu.

Kususia kama kauli: Tabora 1958 na Kenya 2017

Historia ya Afrika Mashariki inaweka kizuizi cha kweli mbele ya hoja ya kulazimisha. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipopanga uchaguzi wa miaka ya 1958 na 1959, iliweka utaratibu wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na karatasi isiyokuwa na majina yote matatu ilihesabiwa kuwa imeharibika. Masharti ya kuwa mpiga kura, yaliyohusu kipato, elimu au cheo, yaliwaacha nje Waafrika wengi sana. Hiyo nayo ilikuwa aina ya lazima, tena mbaya kuliko faini, kwani ilimlazimisha mtu kuwachagua watu ambao hakuwataka ili kura yake kwa anayemtaka ihesabiwe.

Wajumbe wa chama cha TANU walipokutana Tabora mwezi Januari 1958, wengi walipenda kuususia uchaguzi huo, na mjadala ulikuwa mkali. Mwalimu Julius Nyerere aliwashawishi wakubali kushiriki, Zuberi Mtemvu, aliyepinga, akajitoa na kuanzisha chama chake, na TANU ikawaunga mkono wagombea wa makundi yote matatu na kushinda. Uamuzi huo unakumbukwa Tanzania kwa jina la Uamuzi wa Busara. Hekima yake ilitokana na kwamba wajumbe walikuwa huru kuususia uchaguzi na wakachagua kutoususia. Kama sheria ingemtoza faini asiyepiga kura, utii wao ungehesabiwa kuwa hofu, na kususia, ambako kulikuwa njia halali ya kupinga utaratibu wa dhuluma, kungegeuzwa kuwa jinai.

Kenya ilitoa mfano wa pili. Baada ya Mahakama ya Juu kufuta matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017, mgombea wa upinzani Raila Odinga alijiondoa katika uchaguzi wa marudio wa tarehe 26 Oktoba akidai kwamba tume haikuwa imerekebishwa, na mahudhurio yakawa takriban asilimia 39, karibu nusu ya yale ya mwezi Agosti. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na uamuzi huo, lakini hawezi kukataa kwamba vituo vitupu vya Kisumu na Homa Bay vilisema jambo ambalo taifa zima lililisikia.

Haki ya kumdai raia

Mifano hii yote ikiwekwa pamoja, hukumu inayopatikana haiwezi kuwa ya ndiyo au hapana kwa kila nchi na kila wakati. Wanaopinga faini wanasema kwamba uhuru wa kuchagua unabeba ndani yake uhuru wa kutochagua, na Tabora na Kenya zinawapa ushahidi. Wanaoiunga mkono wanasema kwamba pale kura inapoachwa kuwa hiari, wanaobaki nyumbani huwa ni maskini, vijana na wasiosoma, na kwamba wanasiasa huacha kuwahudumia watu wasiowaogopa, na Uholanzi, Chile na Australia zinawapa ushahidi wao. Pande zote mbili zina ukweli, lakini ukweli wa kila upande unategemea hali ya uchaguzi wenyewe.

Pale ambapo daftari linawaacha nje watu wenye sifa, kituo kiko mbali kwa mwendo wa nusu siku, kibarua hapewi ruhusa ya kwenda kupiga kura, wagombea wameenguliwa bila haki, au hesabu ya kura haiaminiki, kumtoza faini anayekaa nyumbani ni kumwadhibu kwa kosa la serikali, na kunaipa serikali hiyo uwezo wa kununua uhalali kwa mahudhurio ya kulazimishwa. Lakini pale ambapo kila raia ameandikishwa bila usumbufu, siku ya uchaguzi ni siku ya mapumziko, sanduku linamfuata mgonjwa kitandani na mchungaji nyikani, siri ya kura inalindwa, karatasi tupu inaruhusiwa, na tume inaaminiwa hata na walioshindwa, faini ndogo yenye nafasi ya kujieleza ni ya haki, kwa sababu inamdai raia saa chache katika miaka kadhaa ili sauti ya jirani yake asiye na nguvu isizimwe na ukimya wa wengi.

Kwa hiyo nchi yoyote inayofikiria kumwadhibu asiyepiga kura inapaswa kuanza na orodha ya wajibu wake yenyewe, na kukubali kushtakiwa kwa kila kipengele ilichoshindwa kukitimiza kabla ya kumwandikia mwananchi wa kwanza barua ya faini. Australia ilihitaji miaka 60 kutambua kwamba haiwezi kumdai wajibu mtu ambaye imemnyima haki yake, na Ubelgiji iliondoka Kongo bila kutambua hilo. Wanaoanza leo wana historia hiyo yote mbele yao, na hawana udhuru wa kurudia makosa yake.